Stelingi wa Mashoto

Msambweni wako watu wazima waliosikia habari za kauboi kabla hawajapewa majina. Walizaliwa katikati ya hadithi yake. Mama zao wakiwa kitandani na uchungu, mkunga alikaa ubavuni mwao akiwasimulia picha moja ya sinema, polepole, kwa mpangilio, akijua mahali pa kukaza na mahali pa kulegeza. Ni mkunga huyo ninayetaka kumweleza hapa. Sote tulimwita Bi Mkunga, na hata alipostaafu hospitalini hakuna aliyembadilishia jina. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa mlango gani. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba kuzaliwa ni kazi ya watu wawili, mama na mkunga, na anayezaliwa hana cha kujisifia.

Picha aliyoisimulia ina jina lake la Kiingereza, lakini huku kwetu halikutumika. Tuliiita Picha ya Kisima. Ni ya zamani, nyeusi na nyeupe, na kisa chake ni kifupi. Mgeni mmoja anafika katika mji mdogo wa nchi kavu, farasi wake anachechemea. Mji una kisima kimoja, na tajiri amekizungushia ua ili watu wasichote bila idhini yake. Tajiri anamwajiri yule mgeni akilinde kisima kwa bastola. Mgeni anapewa chakula nyumbani kwa mjane mjamzito. Mjane anajifungua, nyumba haina maji, na mgeni anamgeuka tajiri. Wanakutana kisimani, tajiri anaanguka. Mgeni anaitupa bastola ndani ya kisima, anapanda farasi wake, anaondoka. Basi.

Mkuu wa picha, kwa lugha ya watazamaji wa pwani, anaitwa stelingi. Anayepambana naye ni adui. Majina yao halisi hatukuyashika, wala hatukuyahitaji.

Katika wodi ya wazazi picha hii ilikuwa chombo cha kazi. Bi Mkunga aligundua kwamba mwanamke anayesubiri kujua nini kitatokea hushusha pumzi kwa mpango mzuri kuliko anayeambiwa tu atulie. Akaigawa hadithi kwa hatua za uchungu. Farasi akiingia mjini, njia ndiyo kwanza inaanza kufunguka. Stelingi akiwa mezani kwa mjane, mama atembee kidogo na anywe chai. Wakikutana kisimani, asukume. Wauguzi wengine walijifunza lugha hiyo, na wakati wa kupokezana zamu ungewasikia wakiambiana, "Yule wa kitanda cha dirishani bado yuko kwa mjane." Mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza upesi kuliko ilivyotarajiwa, tajiri hajatoka hata nyumbani kwake. Arobaini ilipokwisha alimbeba mtoto, akaenda nyumbani kwa Bi Mkunga, akamkuta anachambua mchicha.

"Bi, nimekuja kuchukua mwisho wangu," akamwambia.

Bi Mkunga aliuweka mchicha kando, akanawa mikono, akampa mwisho wake wote, bila kuruka neno.

Alikuwa ameona picha moja tu maishani. Zilipokuja video, na baadaye televisheni, alikuwa akitazama kidogo kisha anageuza kiti. "Nimeolewa mara moja na nimeona picha moja," alisema, "na zote mbili bado sijamaliza kuzifikiri."

Jinsi alivyoiona ni hivi. Alipokuwa msichana, gari la sinema lilikuwa likipita katika miji ya kusini, likija na matangazo ya sabuni na mafunzo ya kujikinga na mbu, kisha watu wakalipwa kwa uvumilivu wao kwa picha ya kauboi. Uwanjani zilichimbiwa nguzo mbili, likatandazwa shuka kubwa la marekani, kile kitambaa chembamba cha pamba kinachovaliwa na kushonewa sanda. Wanaume walikaa mbele ya shuka, upande wa gari. Wanawake na wasichana walikaa upande wa pili, nyuma, ili watu wasichanganyike gizani. Picha ilipenya kitambaa vizuri, na kwa kuwa maneno ya Kiingereza hayakumhusu mtu, na bwana wa gari alikuwa akieleza yote kwa kipaza sauti, wanawake hawakuona kwamba wamepunjwa. Gari lilikuja tena na tena na picha ile ile. Bi Mkunga aliitazama kila mara iliyokuja.

Mimi nilimjua zaidi barazani kwake. Nina kibanda cha kutengeneza redio na televisheni Ukunda, karibu na Kona ya Musa, lakini wakwe zangu ni watu wa Msambweni, na siku za Ijumaa nilikuwa nikishuka huko. Baada ya Alasiri, kahawa ilipopita, watu walikusanyika kwenye baraza ya saruji ya nyumba yake. Wanaume walikaa barazani. Yeye alikaa mlangoni juu ya kiti chake cha kukunja, ambacho alikwenda nacho kila mahali, hata matangani. Si kawaida huku mwanamke kuongoza baraza ya wanaume, lakini wengi waliokuwapo alikuwa amewapokea yeye duniani, na aliitumia haki hiyo bila huruma.

Hamisi, rafiki yangu, aliyekuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Diani, ndiye aliyeumia zaidi. Kila alipokaribia kushinda hoja, Bi Mkunga alimtazama kwa upole na kusema, "Mwanangu Hamisi, wewe ulikuja kwa makalio. Ndiyo maana vitu unaviona kinyume." Watu wakacheka, na hoja ikafa. Nilimwambia mara moja kwamba hiyo si njia ya haki ya kujadiliana. Akakubali kwamba si ya haki. Aliendelea nayo.

Mpinzani wake wa kweli alikuwa Mzee Nyawa. Huyu Bi Mkunga hakumpokea duniani. Alizaliwa Samburu, kule barabara kuu ya Nairobi, akateremka pwani akiwa kijana na ng'ombe wa kuuza, akaoa huku, akabaki. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu, mwenye sauti ya kuita mifugo. Yeye naye aliiona Picha ya Kisima uwanjani, akiwa mbele ya shuka na wanaume wenzake, na aliipenda kwa namna ya mtu anayependa kitu ili apate kukisahihisha.

"Nchi kavu naijua," alikuwa akianza. "Ng'ombe ambao hawajanywa hawatembei vile. Wale wamenyweshwa asubuhi, wakapigwa picha mchana."

"Nyawa, ng'ombe si stelingi."

"Lakini kisa ni cha maji, Bi Mkunga. Ikiwa ng'ombe hawana kiu, tajiri ana kosa gani?"

Hapo Bi Mkunga hakubisha, kwa sababu alikuwa mtu wa kukubali jambo likiwa na uzito. Naye alikuwa na kasoro zake alizozigundua mwenyewe, na hakuzificha. Mtoto anayezaliwa katika picha ile, alisema, ana miezi mitatu; shingo yake imekaza na anamfuata mtu kwa macho. Tena nyumba haina maji, kisa kizima ni hicho, na bado wanawake wamechemsha sufuria nzima. "Wameyatoa wapi? Na wameyafanyia nini? Hakuna aliyenawa." Lakini kasoro hizo, kwake, zilikuwa kasoro za waliotengeneza picha. Stelingi hakuhusika. Alizitenganisha lawama hizi mbili kama anavyotenganisha mtu pishi ya mchele na pishi ya mawe.

Kasoro kubwa kwa Mzee Nyawa ilikuwa ile bastola kisimani.

"Mtu amepigana ili watu wanywe, kisha anatupa chuma chenye mafuta na baruti katika maji yale yale. Kwetu ukiangusha hata champali kisimani unaitwa na wazee."

"Hakutaka mwingine aiokote."

"Si angeizika."

"Kwa jembe gani?"

"La mjane. Limeegemezwa ukutani, liko pale picha nzima."

Mabishano haya niliyasikia kwa miaka mingi na sikuyachoka, kwa sababu hayakuwa yakirudiwa tu. Kila mara mmoja alikuja na kitu kipya alichokumbuka. Adhana ilipotoka walinyamaza katikati ya neno. Wa kwenda msikitini wakaenda, Mzee Nyawa akabaki akitunza vikombe, na tuliporudi Bi Mkunga aliendelea kutoka neno lile lile.

Hakupenda silaha. Hili liliwashangaza wageni. Sikukuu zilipofika na wachuuzi wakatandaza bastola za plastiki, kila mtoto aliyepita mbele ya baraza akiwa nayo alinyang'anywa, akapewa kashata badala yake. Bastola zikaingia katika debe moja chini ya kitanda. Wakati huo huo angeweza kukueleza mkoba wa bastola wa stelingi ulivyoshonwa, na kamba yake ilivyofungwa pajani. Nilipomuuliza vipi mtu anachukia bunduki na anapenda picha ya bunduki, alinijibu kwamba mimi ninatazama chuma. "Tazama mikono," akasema.

Hilo lilikuwa neno lake kwa kila kitu. Ukimwuliza kama posa fulani inafaa, alisema tazama mikono. Ukimsifia muuguzi mpya kwa sura na maneno yake mazuri, alisema hivyo hivyo. Na katika Picha ya Kisima, ubora wote wa stelingi, kwa hesabu yake, ulikuwa katika mikono. Alikuwa mtu wa mashoto. Bastola yake ilikaa kushoto, akaitoa kwa kushoto, akafunga farasi kwa kushoto. Lakini mezani kwa mjane alikula kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama mtu aliyelelewa na mama. "Kazi kushoto, chakula kulia," alisema Bi Mkunga. "Mkono aliopokelea riziki ya watu si ule aliotolea roho. Hapo ndipo ujue kwamba huyu si jambazi."

Na hapo ndipo vita vilipokuwa. Mzee Nyawa aliapa kwamba ilikuwa kinyume kabisa. Stelingi alipiga bastola kwa kulia kama watu wote, na mezani alikula kwa kushoto, jambo ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani angepigwa kwalo. Ndiyo kasoro ya kwanza ya picha, alisema: mtu mwema asiye na adabu ya mezani. Hamisi, aliyeiona kwenye video ya kubahatisha utotoni, alimuunga mkono. Mimi pia niliiona kwenye video hiyo, lakini sikuwa nimetazama mikono, basi nilinyamaza.

"Waulizeni wanawake wa rika langu," alisema Bi Mkunga. "Wote walikuwapo. Hakuna atakayewaambia alikula kwa kushoto."

Ilikuwa kweli. Wanawake wote wazee walisema kulia. Wanaume wote wazee walisema kushoto. Wanaume walieleza kwamba wanawake wanamtetea aliyewazalisha, na wanawake walieleza kwamba wanaume hawajui kutazama. Mimi nililichukulia kuwa ni ushindani wa kawaida wa wake na waume, na sikulifikiri zaidi. Siku moja Mzee Nyawa alimkaza sana, mpaka Bi Mkunga akasema mbele ya watu, kwa sauti ya chini, "Nikioneshwa kwa macho yangu kwamba alikula kwa kushoto, sitaitaja picha hii tena, hapa wala kwingine." Hakuna aliyecheka. Tulijua kwamba hasemi ovyo.

Sababu ya uzito ule niliijua mimi, kwa kuwa alinieleza nilipokuwa nikimtengenezea redio. Yeye mwenyewe alikuwa wa mashoto. Alipokuwa mdogo bibi yake alimfunga mkono wa kushoto kiunoni kwa utepe wa kanga, kutwa nzima, ili azoee wa kulia. Chuoni alipigwa kwa kushika kalamu vibaya. Aliambiwa kwamba mkono ule ni wa chooni na hautagusa kitu chenye baraka. Kisha likaja gari la sinema. "Nikamwona mtu mzima," aliniambia, "anafanya kazi zake zote kwa mkono wangu. Na mji mzima, fundi, mji mzima hakuna aliyemwambia abadilishe." Akatoka pale na kanuni yake. Kula, kusalimu na kupokea, kulia. Kazi, kushoto. Utepe wa kanga aliufungua mwenyewe, na bibi yake, aliyekuwa amekaa pale pale na kuona aliyoyaona, hakuufunga tena.

Kanuni hiyo aliingia nayo katika ukunga. Alinieleza habari ya Bodo, kijiji cha wavuvi, alikoitwa nyumbani kwa mtu akamkuta mama mkwe amesimama mlangoni, hataki mjukuu wake apokewe na mkono wa kushoto. Ndani binti analia. Bi Mkunga hakubishana naye. Alimwuliza kama aliwahi kuiona Picha ya Kisima. Mama mkwe akasema aliiona. "Stelingi alikuwa na mkono gani?" Mama mkwe akafikiri, akampisha mlangoni. Mtoto aliyezaliwa siku ile sasa ana wajukuu.

Basi mtu ataelewa nilivyohisi siku mteja mmoja alipoleta kibandani kwangu flashi iliyojaa picha za zamani, nami nikaifungua kuijaribu, nikamwona farasi anayechechemea. Nilifunga mlango nikaitazama mpaka mwisho. Safari hii niliitazama mikono. Stelingi alitoa bastola kwa kulia. Mezani kwa mjane alikula kwa kushoto, kijiko baada ya kijiko, mkono wa kulia ukiwa chini ya meza karibu na bastola. Mzee Nyawa alikuwa sahihi kwa kila alichosema, hata jembe lilikuwa pale ukutani.

Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Niliwaza kuifuta. Niliwaza pia kwamba kompyuta inaweza kugeuza picha, kulia ikawa kushoto, kwa kubonyeza tu, na hakuna mzee wa Msambweni atakayejua. Nikaona huo ni udanganyifu na sikuufanya. Kosa langu lilikuwa kumwambia Hamisi. Hamisi hawezi kukaa na habari. Siku ya pili nilipigiwa simu.

"Fundi, nimesikia umempata," alisema Bi Mkunga.

"Nimempata, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Mlete Ijumaa. Jicho moja limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na hili la pili linanipa taabu. Nataka nimwone kabla hawajanipasua, maana sijui watanirudishia nini."

Nikamwambia inshallah.

Hiyo Ijumaa ndiyo mara yangu ya mwisho kukaa naye kwa mazungumzo marefu. Tulitumia ukumbi mdogo wa chama cha akina mama, tukaziba madirisha kwa mikeka. Hamisi aliazima projekta kwa jamaa zake wa hotelini. Ukuta ulikuwa wa kijani na umebanduka, kwa hiyo Bi Mkunga alikuja na shuka jeupe kutoka sandukuni mwake, tukalitundika juu ya kamba katikati ya chumba. Watu walikuwa wachache, wale wa barazani tu. Yeye alifungua kiti chake mbele kabisa, na Mzee Nyawa akakaa kando yake kwenye fomu, benchi refu la mbao.

Farasi alipotokea alitabasamu. "Ndiye," akasema. "Mguu ule ule." Kisha akaanza kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikia redio isiyokaa vizuri kwenye stesheni. Mji ulipoonekana alisema, "Fundi, kisima kimehama. Kilikuwa upande wa msikitini." Nikadhani ni jicho.

Ikafika meza ya mjane. Stelingi akakaa, akavua kofia, akachukua kijiko. Kwa kushoto.

Mzee Nyawa alijipiga paja. "Haya, Bi Mkunga. Mkono gani ule?"

Tulimtazama yeye, si picha. Stelingi aliendelea kula.

"Fundi," akasema mwishowe, bila kugeuka. "Umeigeuza?"

"Hapana, Bi. Iko kama ilivyokuja."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya paja. Akauchukua wa kulia akaufunika nao, kama mtu anayemfunika mtoto. Nilimwona Mzee Nyawa ameuona mkono ule. Kicheko kilimtoka usoni, akatazama chini. Nina hakika kwamba angekuwa na uwezo wa kuyarudisha maneno yake angeyarudisha.

"Isimamishe," alisema Bi Mkunga. Nikaisimamisha. Akainuka, akakikunja kiti chake.

"Bi Mkunga, usiondoke," Mzee Nyawa akamwambia. "Ni picha tu, dada yangu."

"Nani anaondoka? Nipishe."

Akapita mbele ya fomu, mkono mmoja ukipapasa shuka asije akajikwaa, akaenda mpaka mwisho wake na kupotelea upande wa pili. Tulisikia champali zake, kisha kiti kikifunguliwa nyuma ya kitambaa.

"Rudisha mezani," akasema.

Nikarudisha. Stelingi akakaa, akavua kofia, akachukua kijiko. Kwetu sisi, kushoto.

"Kulia," ikasema sauti yake kutoka nyuma. "Anakula kwa kulia."

Nimesoma mwenyewe vitabu vingi vya mwanga na lenzi, na kazi yangu ni vioo na miale, lakini mpaka dakika ile sikuwa nimelifikiri jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kushika karatasi dhidi ya taa analijua. Picha inayotazamwa kutoka nyuma ya kitambaa inageuka. Wanaume walikaa mbele wakamwona mtu wa kulia asiye na adabu ya mezani. Wanawake walikaa nyuma wakamwona mtu wa mashoto aliyelelewa vizuri. Hakuna aliyesema uongo Msambweni, miaka yote ile. Niliwaeleza Hamisi na Mzee Nyawa hivyo, kwa maneno machache. Hamisi alikuwa ameshainuka na kwenda upande wa pili kabla sijamaliza.

"Kweli ni wa mashoto," tukamsikia akisema huko nyuma. Kisha, baada ya kufikiri kidogo, "Bi Mkunga, basi kati yetu sisi wawili, aliyekuwa akiona vitu kinyume—"

"Nyamaza, makalio."

Mzee Nyawa alikuwa wa mwisho. Alikaa peke yake kwenye fomu muda fulani, akimtazama yule mtu wake wa kulia. Kisha akalibeba fomu lote, akazunguka nalo shuka, akaliweka karibu na kiti cha kukunja. Nami nikaiacha projekta nikawafuata. Tuliitazama iliyobaki kutoka upande wa wanawake. Mtoto alipozaliwa Bi Mkunga alisema, "Miezi mitatu," kwa sauti yake ya kila siku, nikajua kwamba amerudi. Na stelingi alipotoka kwenda kisimani, bastola ikatoka kwa mkono wa kushoto, upesi na bila kelele, Bi Mkunga hakusema neno isipokuwa moja.

"Yupo," alisema.

Hamisi alimkumbusha kiapo chake tulipokuwa tukifungua madirisha. "Si ulisema ukioneshwa kwamba alikula kwa kushoto hutaitaja tena?" akamwuliza. Bi Mkunga alikuwa akilikunja shuka, na alilikunja mpaka likawa dogo kabla ya kujibu.

"Nimeoneshwa," akasema. "Yule wa mbele sikuwa namjua. Huyo sitamtaja. Mimi nimefundishwa na huyu wa nyuma."

Alinipa shuka nilishike, kwa mkono wa kulia kama kawaida yake ya kutoa, akajifunga buibui vizuri. Mzee Nyawa alikuwa amekwisha kukichukua kile kiti, jambo ambalo Bi Mkunga hakuwahi kumruhusu mtu kulifanya, na safari hii hakumzuia. Walitangulia njiani wao wawili, polepole kwa ajili ya jicho lake, mimi nikiwa nyuma na projekta. Kisha nikamsikia Bi Mkunga.

"Ile bastola, Nyawa."

"Ehe."

"Nimeitazama pande zote mbili sasa. Kisima kinahama, mkono unahama. Ile bastola ukikaa mbele inaingia kwenye maji, ukikaa nyuma inaingia kwenye maji." Akapiga hatua kadhaa. "Hilo ni kosa lake. Hilo nakupa."

Mzee Nyawa alikuwa ameingoja kauli hiyo tangu ujana wake. Alikihamishia kiti mkono wa kushoto, ili wa kulia umshike yeye kwenye ngazi za baraza, wakapanda.